Usinunue fulana kabla hujawatajia mafundi fedha iliyopo

Usilipie hizo fulana. Kama umekwisha kutoa malipo ya awali, yaache yapotee, kwa sababu hasara hiyo ni ndogo kuliko ile inayokuja. Umeandika kwamba kazi za karakana yako hapa Lubumbashi zimepungua kwa nusu, kwamba mafundi wananong'ona, na kwamba unataka kuwaandalia karamu ya mbuzi, fulana mpya na hotuba ya kuwatia moyo. Kisha ukauliza namna ya kupunguza saa za kazi na uanze na nani. Nilipofika kwenye neno "karamu" niliacha kusoma, maana karamu hiyo nimekwisha kuifanya.

Karakana yangu iko Kampemba, na tunatengeneza pampu na mipira ya haidroliki ya malori. Februari 2025, bei ya madini ya kobalti ilipokuwa imeanguka na serikali ikasimamisha kuisafirisha nje kwa miezi minne, mteja wangu mkubwa, aliyekuwa akibeba mizigo kutoka Kolwezi, mji wa migodi, hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, aliegesha karibu nusu ya magari yake. Lori lililoegeshwa halipasui mpira. Nilikuwa na mafundi 13 na fedha ya mishahara ya miezi miwili tu, na jambo hilo tulilijua mimi na mke wangu peke yetu.

Hapo ndipo alipokuja mshauri wa uongozi, bwana ambaye viatu vyake havikushika tope hata mwezi huo wa mvua, akanieleza kwamba kiongozi haonyeshi hofu, kwamba hesabu huwatisha wafanyakazi, na kwamba watu wangu walihitaji "maono". Nilimlipa dola 350. Kwa fedha hiyo ningemlipa fundi mmoja mwezi mzima, na fundi angalau angekaza nati.

Basi tukala mbuzi wawili kwa bukari, tukamaliza kreti nane za bia ya Simba, nami nikapanda juu ya pipa la grisi nikatangaza: "Hapa hakuna atakayepoteza kazi." Sentensi hiyo haikuwamo hata kwenye karatasi za mshauri, hiyo niliitunga mwenyewe, kwa msaada wa makofi na bia. Wiki tano baadaye niliwaondoa watu wanne. Mmoja wao, mchomeleaji, alikuwa ameitwa kazini Likasi akakataa kwa kutegemea neno langu la juu ya pipa. Hakugombana nami, aliikunja fulana yake vizuri, akaiweka mezani kwangu, akatoka. Kabla ya mwezi kwisha, kapita wangu, yaani msimamizi wa mafundi, na fundi wangu bora wa pampu waliondoka kwa hiari yao, ingawa hakuna aliyewagusa, kwa sababu tangu siku ile hata nilipowaambia "kesho tunaanza saa moja" walitazamana kwanza.

Juni, serikali ilipoongeza miezi mitatu mingine ya kuzuia kobalti, nilikuwa nimebaki na mafundi saba na sina fedha ya mbuzi, hivyo nililazimika kuwa mkweli. Nilichukua chaki nikaandika kwenye mlango wa stoo: mishahara ya wiki sita, na chini yake tarehe ambayo fedha hiyo ingekwisha. Walikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha kijana mdogo kuliko wote akasema kwamba mtaani kwao Katuba pampu za visima huharibika kila mara na wenye nazo hawajui pa kuzipeleka. Kupeana zamu walipanga wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Kwa hiyo waambie kiasi kilichopo, kitafika tarehe gani, na utafanya nini tarehe hiyo ikifika bila kazi mpya. Usiongeze ahadi yoyote isiyo na fedha nyuma yake. Wakuulize maswali, hata yale ya kuudhi. Fanya hivyo kesho asubuhi kabla mashine hazijawashwa, wala usingoje Jumamosi, kwa sababu Jumamosi watakuja wakitegemea mbuzi.