Vifua vyembamba vya waendesha baiskeli wa mbio
Unauliza kama waendesha baiskeli wa mbio wana vifua vyembamba kuliko wavuvi wetu kwa sababu ya njaa? Si njaa, mkuu, ni uzito. Mlimani kinachoamua ni nguvu ya miguu ukigawanya kwa kilo unazopandisha. Misuli ya kifua na mikono haisukumi pedali, inapandishwa tu. Panda kilima cha Bugando pale Mwanza na gunia la mkaa kwenye keria utanielewa! Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyechukua Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara 4, ana kama sentimita 186 na alishindana akiwa chini ya kilo 70. Kumlinganisha na mvuvi wa Kirumba anayevuta nyavu ni kumwonea, kazi zao ni tofauti kabisa. Ila waendesha baiskeli wa mbio fupi za uwanjani wamejaa kweli, huko hakuna mlima wa kupanda.