Chai ya mchaichai, haikunyimi usingizi

Dada uliyeuliza chai ya viungo isiyo na kafeini kisa usiku hulali, we achana na majani ya chai kabisa, hata yale ya kijani nayo yana kafeini, tumia mchaichai. Chukua tangawizi kipande cha kidole gumba uiponde na maganda yake (ioshe tu), iliki 4 zipasue, kijiti cha mdalasini, karafuu 2 basi maana ukizidisha inanukia dawa ya jino 😂 weka kwenye maji vikombe 4 zichemke moto mdogo dakika 10 hivi. Mchaichai majani 6 funga fundo tupia mwishoni, zima moto ufunike dakika 5, ukiuchemsha sana harufu yote inaishia jikoni. Sukari au asali juu yako.