Kabla ya drafti, anwani yako ndiyo iliyoamua

Kaka, unasema kwamba kwenye kandanda ya Australia (Australian rules), kabla ya drafti, yaani utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, mwenye pesa ndiye aliyebeba kila mchezaji. Hapana, si hivyo. Kwenye ligi ya jimbo la Victoria, kijana wa jiji la Melbourne alikuwa mali ya klabu iliyopewa mtaa wake, na kuhama kulihitaji kibali. Mchezaji Ron Barassi nusura aiponyoke klabu ya Melbourne hivyohivyo: baba yake aliichezea klabu hiyo, akauawa vitani Tobruk, Libya, 1941, lakini nyumbani kwao palikuwa eneo la klabu nyingine. Melbourne wakapigania kanuni ya baba na mwana, yaani klabu ipewe kipaumbele kwa mtoto wa mchezaji wake wa zamani, wakampata, akaanza kucheza 1953.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 klabu zikagawana na maeneo ya vijijini. Hapo ndipo bahati ilipotembea: klabu ya Hawthorn iliangukia rasi ya Mornington, ikamvuna nyota Leigh Matthews kutoka Chelsea, klabu ya huko huko Victoria. Waliopewa maeneo yenye wachezaji wachache wazuri walibaki kulalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Pesa zilikuwepo, hasa kwa wachezaji wa Perth na Adelaide, miji ya majimbo mengine, ambao hawakuwa kwenye eneo la klabu yoyote. Drafti ya kwanza ilifanyika Novemba 1986, klabu ya Brisbane Bears ikaanza kwa kumchagua Martin Leslie. Ila kanuni ya baba na mwana ipo mpaka leo.