Jibu: Athens ilishindwaje na Sparta?
Mkuu, umeuliza ilikuwaje katika Vita vya Peloponnesos, kati ya miji-dola miwili ya Ugiriki ya kale, Athens, wababe wa bahari, wapigwe na Sparta waliozoea vita vya nchi kavu. Kwanza, fedha za Uajemi: ndizo zilizoiwezesha Sparta kuunda meli na kulipa wapiga makasia. Lakini Athens nao walijimaliza. Mwaka 406 KK walishinda vita vya majini pale Arginusae, kisha mkutano wa wananchi ukawahukumu kifo majemadari wao wenyewe, kisa hawakuwaokoa mabaharia waliobaki majini wakati wa dhoruba. Sita wakauawa. Yaani umeshinda, halafu unauawa kwa kura! Mwaka uliofuata Lysander, kamanda wa Sparta, akaziteka karibu meli zao zote pale Aegospotami, mabaharia wengi wakiwa wametawanyika nchi kavu. Mwaka 404 KK, njaa ikiwabana, wakasalimu amri.