VG moja, seva mbili
Kaka wa Ujiji, umeuliza kuhusu VG (volume group, kundi la diski la LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski) kuonekana kwenye seva zako zote mbili: hilo si tatizo. Tatizo ni kuiwasha kote kwa pamoja. XFS (mfumo wa mafaili) ikipachikwa (mount) pande mbili data inaharibika, tena kimyakimya. Kwenye lvm.conf (faili la mipangilio ya LVM) ya kila seva weka system_id_source = "uname", kisha vgs -o+systemid ikuonyeshe mwenye VG ni nani. Kuwasha na kuzima mwachie Pacemaker (programu inayosimamia huduma kwenye seva zote mbili): LVM-activate (inayowasha VG) yenye vg_access_mode=system_id itangulie, Filesystem (inayopachika XFS) ifuate. Ukitaka zote ziandike kwa wakati mmoja, hapo ni lvmlockd (inayoratibu kufuli za LVM kati ya seva) na GFS2 (mfumo wa mafaili unaoandikwa na seva kadhaa kwa pamoja), habari nyingine kabisa. Ila kwa umeme wetu huu wa Kigoma, STONITH (kuizima kwa nguvu seva isiyojibu) ni lazima. Swichi ya mtandao nayo iwe kwenye UPS: ikizimika, seva hazionani, kila moja inadhani mwenzake kafa.