Namba Zikifanana, Bado Usitoe Pesa

Muuzaji wa bastola ya kale ya kijeshi akinianza na "namba zote zinafanana", yaani namba zilizogongwa kwenye vipuri zinaonyesha vyote ni vile vya kiwandani, mimi hutoa magazini ya risasi, nikahakikisha chemba ni tupu, kisha naomba bisibisi. Namba hugongwa kwenye chuma kwa nyundo na muhuri, na mwenye seti ya mihuri anaweza kuzigonga hata leo jioni. Kipuri kubadilishwa si ajabu kwa silaha iliyopita vitani. Ninachotaka kujua ni nani aliyekibadilisha, na lini.

Luger P08, ambayo jeshi la Ujerumani liliichukua mwaka 1908, ndiyo inayozoesha jicho kuliko nyingine zote. Namba kamili iko kwenye fremu na chini ya mtutu, na vipuri vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho, mpaka upande wa ndani wa mbao za mpini. Ndiyo maana nataka bisibisi. Tazama na rangi pia. Kabla kiwanda cha Mauser, kilichozitengeneza wakati huo, hakijabadilisha namna ya kutia rangi mnamo 1937, triga, wenzo wa usalama na wenzo wa kufungulia bastola vilikuwa na manjano ya nyasi kavu yaliyotokana na joto, ilhali mwili wa bastola ni bluu iliyokoza.

Niliwahi kuletewa Luger moja ya DWM, kiwanda cha Kijerumani kilichozitengeneza kabla ya Mauser, ya mwaka 1917. Triga ilikuwa na manjano yake, lakini wenzo wa kufungulia ulikuwa mweusi ti, ingawa una 47 kama vipuri jirani. Nikaulaza chini ya tochi, mwanga ukipita ubavuni. Kingo za tarakimu zilikuwa zimeinuka bado, zikikwaruza ukucha. 47 ya bamba la pembeni ilikuwa imelainika kwa miaka ya kushikwashikwa, na mguu wa 4 yake haukufanana na wa ile nyingine. Kipuri kilitoka kwenye bastola nyingine na namba ikagongwa baadaye. Muuzaji alisema huenda kiwandani walichoka siku hiyo.

Uchakavu ni mgumu kughushi kuliko namba. Bastola iliyoingia na kutoka kwenye ala ya ngozi hukwanguka mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo zilizochomoza, si katikati ya ubapa. Vipuri vinavyosuguana huchakaa pamoja; kimoja kikiwa kipya na mwenzake amelika, si wa nyumba moja. Kwenye Luger tafuta pia mstari mdogo unaovuka kutoka mtutu kwenda kwenye chuma kinachoushika. Uligongwa kwa pigo moja vikiwa vimeshaungwa, kwa hiyo nusu mbili zisipokutana, mtutu umewahi kufunguliwa au ni mwingine kabisa.

Rangi iliyotiwa upya hujisema yenyewe kwenye vishimo vya kutu. Kutu huja baada ya rangi, basi ukikuta kishimo kimejaa bluu nzuri hadi chini, bastola ilipigwa msasa na kupakwa tena. Herufi nazo hufifia, na kona zilizokuwa kali huviringika.

Lakini si kila mchanganyiko ni ulaghai. Luger nyingi zilizosalia baada ya Vita ya Kwanza zilikarabatiwa na kugongwa 1920 kando ya mwaka wa kutengenezwa, nyingine zikiwa na vipuri vipya. Zile zilizotekwa na Wasovieti katika Vita ya Pili zilifunguliwa kwa wingi maghalani, vipuri vikachanganywa na kupakwa rangi nyeusi, na namba mpya zikachorwa kwa kalamu ya umeme. Hizo nanunua bila kinyongo, mradi bei iseme ukweli huo.

Kwenye M1911A1, bastola ya jeshi la Wamarekani, sahau kabisa kufananisha namba. Vipuri vyake vidogo havikupewa namba, kwa hiyo unachofananisha ni mtengenezaji na kipindi. Iliyotengenezwa na kiwanda cha Remington Rand ikiwa na mtutu ulioandikwa HS, yaani wa kampuni ya High Standard, iko sawa, maana Remington Rand ilinunua mitutu nje. Herufi kama AA au RIA kwenye fremu ni alama za maghala ya jeshi yaliyoikarabati, na hapo vipuri vya makampuni mbalimbali ni jambo la kawaida. Ukiambiwa ni ya kampuni ya Singer, punguza furaha: ziliundwa 500 tu mwaka 1941, na ndizo zinazoghushiwa sana.

Magazini sizipi uzito mkubwa, askari walibadilishana. Yenye namba ya bastola husika ni nyongeza nzuri, basi.

Muuzaji akikataa nifungue mpini, siombi mara ya pili. Namtajia bei ya bastola iliyochanganywa vipuri na kumwachia aamue. Wengine hutafuta bisibisi haraka sana.