Ukitaka kujitengenezea pinboli, anza na flipa mbili na ubao mtupu

Kazi yangu ni kusuka mota. Miaka minne iliyopita mteja mmoja aliyekuwa amerudi nchini baada ya kuishi Ulaya muda mrefu aliniletea koili ndogo iliyoungua, akaniambia imetoka kwenye mashine ya mchezo aliyokuja nayo kwenye kontena pamoja na vyombo vyake vya ndani. Nikaanza kuifungua kama ninavyofungua koili zote, nahesabu mizunguko na kuandika kwenye daftari. Nikakuta waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi mno. Chini yake kulikuwa na waya mwingine, mnene, mizunguko michache. Koili ya ukubwa wa dole gumba, nyaya mbili tofauti, ncha tatu. Sikuwahi kuona kitu hicho.

"Mzee, hii inaendesha nini?" nikamwuliza.

"Isuke kwanza, fundi, halafu uje nayo nyumbani uone."

Nilikwenda jioni ile kufunga koili, nikarudi kwangu saa tano usiku. Tangu siku hiyo nimetengeneza pinboli yangu mwenyewe, na vijana wengi wananiuliza waanzie wapi. Nayaandika haya kwa ajili yao.

Kwa asiyeijua, pinboli ni meza yenye ubao ulioinama na kioo juu yake. Gololi ya chuma inarushwa kwa springi mpaka juu, inashuka ikigonga raba na vilengwa vinavyohesabu pointi. Chini kabisa kuna mikono miwili mifupi inayoitwa flipa, unaiendesha kwa vitufe vya ubavuni. Ukiwahi, unairudisha gololi juu. Ukichelewa, inapita katikati na umeipoteza.

Mimi nilianza vibaya. Nilikwenda Keko, Dar es Salaam, nikachongesha kabati zuri, seremala akanipa na miguu ya mninga. Nikanunua plaiwudi, nikamwita mchoraji akanichorea jahazi linaingia bandarini, nikapiga vanishi. Ndipo nikafunga flipa. Gololi ya kwanza tu ilinionyesha kwamba kilengwa kikubwa, kile nilichokiweka kwenye tanga la jahazi, hakifikiki kwa flipa yoyote, ya kulia wala ya kushoto. Ili kukisogeza ilibidi nitoboe mchoro mzima. Ubao ule sasa umetundikwa ukutani karakana. Ni mzuri wa kutazama, lakini haujawahi kuchezwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kata ubao mtupu, usiupake kitu, funga flipa mbili, uuegemeze kwa pembe yake, ucheze hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Usinunue taa wala usiandike programu. Hata alama zisikuhangaishe bado. Flipa ndizo mchezo wenyewe. Kabla ya mwaka 1947 mashine hizi hazikuwa nazo. Ulirusha gololi ukabaki unaitazama inashuka, ndiyo maana miji mingi ya Marekani iliziona ni kamari tu. New York ilizipiga marufuku mwaka 1942, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1976. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, yenye flipa sita, na kuanzia hapo mchezaji akawa na la kufanya. Mwaka 1976 mchezaji hodari, Roger Sharpe, alicheza mbele ya madiwani wa New York kuwaonyesha kwamba si kamari, akawatajia gololi itapita wapi, na ikapita hapo hapo.

Nayasema haya kwa sababu mjumbe wa mtaa wetu alikuja kuniuliza kwa upole kama ninafuga dubwi, mashine ya kamari, nyumbani. Nilimkaribisha acheze. Baada ya gololi ya tatu hakuuliza tena.

Sasa vipimo. Ubao wa kawaida una upana wa sentimita 51 na urefu wa 107 hivi, unene milimita 12 au 13. Mwinamo ni nyuzi 6.5, yaani kwa kila mita moja ya urefu unanyanyua upande wa juu sentimita 11 hivi. Ukilaza zaidi gololi inazubaa, ukisimamisha zaidi inakukimbia. Gololi yenyewe ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80. Yangu ya kwanza niliitoa kwenye beringi ya mota iliyokufa, inchi moja kamili, ikafaa kwa majaribio. Ila gololi za beringi hushika usumaku haraka. Iguse na pini kwanza. Ikiing'ang'ania, usiitumie, maana itavutwa na kila koili inayoikaribia. Njia yoyote ya gololi usiifanye chini ya milimita 32. Itapita leo, kesho itakwama.

Koili ndizo ninazozipenda, mnivumilie. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kuvuta chuma kinachonyanyua flipa. Flipa inatakiwa kupiga kwa nguvu kisha ibaki imenyanyuka muda wote unaobonyeza kitufe, ili gololi itulie juu yake nawe upange shabaha. Katika koili hii kila kazi ina waya wake. Waya mnene una ukinzani mdogo, karibu ohm 4. Kwa volti 48 unavuta ampea 12, ambazo ni kama wati 576. Ukiuacha umewaka muda huo wote, utasikia harufu ya vanishi ikiungua kabla hujamaliza kushangaa. Kwa hiyo flipa ikifika mwisho wa mwendo wake inasukuma swichi ndogo, swichi inakata waya mnene, unabaki ule mwembamba wa ohm zaidi ya 100 peke yake. Huo unatosha kushikilia. Swichi hii ndiyo uhai wa flipa. Mwanangu alibonyeza kitufe akakishikilia huku ananisimulia habari za shule, swichi ilikuwa imepinda na haikati, na koili niliyoisuka siku nzima ikaiva mikononi mwangu. Kila koili ipe fyuzi yake. Kila koili ifunge dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kinyumenyume kati ya ncha zake, la sivyo umeme unaoruka inapozimwa utaua transista zako, yaani swichi za kielektroniki zinazowasha koili, moja baada ya nyingine.

Umeme wa volti 48 niliupata kwa kusuka transfoma ya volti 34, kwa sababu ukiupitisha kwenye dayodi nne na kapasita unapanda mpaka 48. Asiyejua kusuka asijifunzie hapa. Anunue pawasaplai iliyokamilika. Upande wa umeme wa ukutani ufunikwe wote na kabati lifungwe waya wa ardhi, kwa sababu watoto watalilalia kifua wakicheza. Kapasita inabaki na chaji hata ukichomoa plagi, basi ipime kwa mita kabla hujaingiza mkono.

Turudi kwenye ubao mtupu, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Vigingi nilivitengeneza kwa skrubu, nikavivisha vipande vya tyubu ya baiskeli. Vilengwa vilikuwa vipande vya mbao nilivyobandika kwa gundi ya muda. Nilikuwa nacheza jioni, nahamisha kigingi kimoja, nacheza tena. Kila nikihamisha nilichora duara kwa penseli mahali kilipotoka na kuandika tarehe, na mwisho ubao ukajaa maduara kama ngozi ya chui.

Kwa wiki mbili gololi iliyokuwa inashuka njia ya kushoto iliruka juu ya flipa na kwenda moja kwa moja katikati. Nililaumu pembe ya flipa, nikaibadilisha mara sita. Halafu nikairekodi kwa simu, kwa mwendo wa polepole. Gololi ilikuwa inaruka kabla haijafika kwenye flipa. Pale ambapo reli ya waya inaishia, ncha yake ilisimama juu ya shina la flipa kwa milimita moja. Nilipitisha kidole nikaihisi. Tupa kidogo, msasa, na gololi ikaanza kuteleza kutoka relini hadi kwenye flipa kama maji. Reli na flipa iliyolala lazima viwe mstari mmoja. Kama ningekuwa nimeshapaka rangi na kufunga taa, nisingethubutu hata kuigusa reli ile.

Nafasi kati ya ncha za flipa nimeiacha milimita 45. Wanangu wanasema ni kubwa, mimi naiona sawa.

Swichi za njiani, zile gololi inazozigusa ikipita, usizinunue mpya. Maikrowevu mbovu zina swichi ndogo safi mlangoni, mafundi wa redio wanakuuzia kwa bei ya soda. Programu niliandika kwa Arduino, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, na hapo sina mengi ya kusema zaidi ya hili: koili za kugonga gololi zipewe umeme kwa milisekunde 30 hivi kisha zizimwe, na uzimaji huo usitegemee sehemu nyingine yoyote ya programu. Yangu iliwahi kuganda katikati ya mchezo huku koili imewaka, na fyuzi ndiyo iliyoniokoa.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la hewa. Masika ya kwanza ubao wangu ulivimba katikati, gololi ikawa inapinda kulia bila sababu. Piga vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, hata kule chini kusikoonekana, na utoboe matundu yote kabla ya kupiga. Gololi nayo inashika kutu kwa siku chache tu za unyevu, na gololi yenye kutu inakula ubao kama msasa. Mimi naifuta kila usiku kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo, kisha naikausha.

Sasa niko kwenye ubao wa tatu. Flipa zote mbili zinafika kwenye vilengwa vyote, na jahazi nitalichora upya masika yakipita. Imebaki kona ya juu kushoto, ambako gololi moja kati ya ishirini inakwama nyuma ya raba. Jumapili nitahamisha kile kigingi milimita tatu kulia, nichore duara, nicheze.